Nilivyombeba Marehemu Kwenda Kasansa

Nilipomaliza kidato cha nne na kupata matokeo ambayo hata mama hakutaka kuyasoma mara mbili, nilipelekwa Mpanda kwa mjomba wangu nikajifunze kazi. Mjomba alikuwa na studio ya picha Kashaulili, chumba kimoja chenye pazia jekundu, kiti cha mgongo mrefu, na ukuta uliochorwa ndege inatua. Aliyeuchora alikuwa hajawahi kuiona ndege kwa karibu, kwa hiyo aliipa madirisha makubwa ya basi na, kwa sababu anazozijua mwenyewe, bomba la moshi. Watu waliipenda sana. Ilikuwa miaka ya tisini, wakati picha ya rangi ilipigwa Mpanda, ikapanda treni kwenda Tabora kusafishwa, ikarudi baada ya wiki mbili tatu, na mwenyewe akaja kulalamika kwamba huyu si yeye.

Mjomba alikuwa na kamera tatu. Ya kwanza tuliiita Mrusi, kwa sababu ndiko ilikotengenezwa. Mrusi alikuwa mzito kama tofali, hakuwa na betri hata moja, na kila kitu ulikipima kwa macho na kwa sala. Ukimfyatua alilia kama mlango wa lori unaofungwa. Lakini picha zake zilikuwa safi, kiasi kwamba wateja wenye chunusi waliomba wapigwe na kamera nyingine. Hiyo nyingine ilikuwa Kadogo, kaplastiki keusi ka kuingia mfukoni, kanakojivutia mkanda kenyewe na kujiwashia flashi kenyewe. Ya tatu ilikuwa Marehemu.

Marehemu ndiye aliyekuwa mzuri kuliko wote. Alikuwa na lenzi ndefu, mkoba wa ngozi ya kahawia, ukanda mpana wa shingoni wenye vifungo vya kung'aa, na flashi kubwa juu ya kichwa. Alikufa kabla sijafika Mpanda. Mjomba alisema kuna kitu kilikatika ndani yake katikati ya harusi, na fundi saa aliyepelekewa alimrudisha akiwa na skrubu mbili pungufu. Ila flashi ilibaki hai, na kwa sababu hiyo mjomba hakumzika. Alimpa kazi ya kuwapiga picha watu wa bure.

Kila sherehe ilikuwa na watu wa bure. Kuna aliyetaka picha kwa sababu ana cheo, kuna aliyetaka kwa sababu amelewa, kuna aliyetaka kwa sababu ni shemeji wa bwana harusi. Mjomba hakumkatalia yeyote. Alimtoa Marehemu, akapiga goti, akafumba jicho moja, akamwambia mtu ainue kidevu, asogee kushoto, aache kupumua, kisha mwanga ukawaka na mtu akaondoka amefurahi. Akija baadaye kuulizia picha yake, mjomba alikuwa na majibu matatu: ulifumba macho, mkanda uliungua, au treni. Hilo la treni alilitamka hivyohivyo, neno moja tu, na watu wa Mpanda walielewa bila kuongezewa.

Sitasema kwamba niliona ni dhambi. Nilicheka mpaka nikashika ubavu, na baada ya miezi michache nikawa najua kupiga goti vizuri kuliko yeye.

Siku moja ikaja barua kutoka kwa katekista wa Kasansa, huko Mpimbwe. Askofu anakuja kutoa kipaimara, watoto ni wengi, wazazi wanataka picha za rangi, tafadhali mpiga picha aje siku moja kabla. Wiki hiyo mjomba alikuwa ameanguka na baiskeli akibishana na mtu aliyekuwa upande wa pili wa barabara, na mgongo wake ulikuwa umekaza kama ubao. Ikabidi niende peke yangu, mara yangu ya kwanza. Lori la mpunga lilikuwa linashuka huko, na dereva alikubali kunichukua kwenye kabini kwa sharti moja: mzigo wangu uwe mkoba mmoja, na niupakate.

Mchana ule mjomba alilala kifudifudi kwenye mkeka wa studio, amepakwa dawa ya kuchua iliyonuka mpaka barabarani, akawa anaamuru kazi ya kufunga mkoba bila kuinua kichwa. Mezani niliweka kamera zote tatu, mikanda minne mipya ya Mrusi, betri, gauni moja, khanga na sabuni. Nilijaribu kuvipanga kwa namna zote. Nilitoa sabuni, nikairudisha, nikalikunja gauni mpaka likawa kama kitambaa cha kufutia meza. Kamera mbili ziliingia. Tatu hazikuingia.

Mrusi hakuwa na mjadala. Kwa nafasi ya pili mjomba alisema nibebe Kadogo. Kana mkanda ndani, alisema, bado picha kumi na mbili hazijapigwa, na Mrusi akigoma kule hakuna wa kumtengeneza. Nikamwambia mimi naona nimbebe Marehemu. Penye askofu kutakuwa na viongozi, na penye viongozi watu wa bure hawahesabiki, nami nitawamaliza na nini?

Hiyo ilikuwa sababu ya kusema. Sababu yenyewe ni kwamba asubuhi hiyo nilikuwa nimesimama mbele ya kioo cha wateja nikajaribu kamera moja moja. Na Mrusi shingoni nilionekana msichana aliyetumwa kupeleka tofali. Na Kadogo mkononi nilionekana nimemwibia mtu redio. Lakini na Marehemu kifuani, ule ukanda mpana umelala juu ya blauzi, nilionekana mwandishi wa habari kutoka Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilijigeuza ubavu nikajitazama tena.

Mjomba, uso umezama kwenye mkeka, akasema, "Mama, mimi nikishawadanganya watu narudi kulala nyumbani kwangu. Wewe utalala kwao."

Nilingoja usingizi umchukue, nikamtia Marehemu mkobani, na Kadogo nikakarudisha kabatini.

Njia ya kwenda Mpimbwe inapita Sitalike na kukata hifadhini, na humo mbung'o waliingia kabini bila kukaribishwa. Dereva aliwapiga kwa kofia, utingo aliwapiga kwa mkono, na mimi niliyekuwa nimepakata mkoba nilibaki natoa shingo kama sadaka. Tulifika Kasansa nyusi na nywele zangu zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Katekista alinitazama, akatazama nyuma yangu, akauliza mpiga picha yuko wapi. Nikafungua mkoba nikamvaa Marehemu shingoni. Hakuuliza tena.

Alinipeleka kulala kwa mama yake mkubwa, bibi mmoja mfupi mwenye sauti nzito. Uani palikuwa na nyumba mbili zinazotazamana, ya bibi huyo na ya mke mwenzake. Mume wao, ambaye alikuwa amefariki zamani, alikuwa Mkatoliki safi siku ya Jumapili na mwenye wake wawili siku zilizobaki. Wajane wale wawili walitumia jiko moja, ghala moja na kinu kimoja, na kwa miaka kadhaa walikuwa hawasemeshani. Walisemesha kuku. Bibi mkubwa alimwambia jogoo kwamba kuna watu wanaacha chungu bila kuosha. Bibi mdogo alimwambia tetea kwamba kuna watu wana macho ya kuona vyungu lakini hawana macho ya kuona ufagio. Jogoo na tetea waliendelea kudonoa. Nilikaa katikati nakula wali, nikajifanya sielewi Kiswahili.

Kipaimara kilikwenda vizuri. Mrusi alifanya kazi kama punda. Nilipiga watoto wamepiga magoti, watoto wamesimama, watoto na wasimamizi wao. Nilipiga familia moja ya wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, watu kumi na mmoja wamejipanga kwa urefu, na redio ikawekwa mbele kama mtoto wa kumi na mbili. Marehemu naye hakupumzika. Alimpiga mwenyekiti wa kijiji mara tatu, mara moja akiwa na koti, mara moja bila koti, mara moja akionyesha kidole kitu kisichokuwepo. Picha ya mwisho kabisa ya mkanda wa nne ilimwendea bibi mdogo, ambaye alipenya katikati ya masista, akajisimamisha ubavuni mwa askofu na kunikazia macho mpaka nikafyatua. Upande wa pili wa uwanja nilimwona bibi mkubwa anaangalia.

Kesho yake lori lilikuwa linaondoka kabla ya mchana. Bibi mkubwa alinichinjia kuku nikala nyama asubuhi, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu nizaliwe. Nilipomaliza kunawa, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameoga, amevaa blauzi nyeupe yenye mikunjo ya sandukuni, kitenge kipya na rozari shingoni. Alibeba kiti mwenyewe, akakiweka penye ukuta wa nyumba yake unaopigwa na jua, akakaa, akaweka mikono magotini.

"Mimi sasa," akasema.

Yalikuwepo maneno matatu ya kumwambia: bibi, mkanda umeisha. Angeudhika kidogo, mimi ningepanda lori, na habari ingeishia hapo. Lakini nilikuwa nimetoka kula kuku wake, na mlangoni mwa nyumba ya pili bibi mdogo alikuwa amesimama anapepeta mchele usio na pumba hata moja. Mikono yangu ikamtoa Marehemu. Nilipiga goti. Nilimwambia ainue kidevu. Mwanga ukawaka, bibi akashtuka kidogo, akacheka, akanishukuru kwa mikono miwili. Kisha akaingia ndani tena akatoka na kuku mwingine, huyu mzima, amefungwa miguu, akasema nimpelekee mjomba wangu mgonjwa.

Njia nzima yule kuku alinitazama.

Mjomba nilimsimulia yote isipokuwa hilo. Mikanda ilikwenda Tabora ikarudi, picha zikatoka, tukazituma kwa katekista azigawe baada ya ibada. Ya bibi mdogo ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote. Askofu alikuwa amefumba macho, lakini yeye alikuwa amejaa kwenye picha kama yeye ndiye aliyekuja kutoa kipaimara.

Hazikupita siku nyingi tangu tuzitume, asubuhi moja bibi mkubwa akasimama mlangoni mwa studio, kapu kichwani, vumbi la hifadhi nzima mwilini. Alikuwa amepanda lori la mpunga peke yake. Alinisalimia vizuri, akamsalimia mjomba, akauliza mgongo unaendeleaje na kama kuku alifika. Kisha akasema amefuata picha yake, kwa sababu katekista aliita majina yote na lake halikuwemo.

Mjomba hakuwa na habari ya kitu, lakini hakuhitaji kuwa nayo. Alishika kidevu kama daktari akasema kwa huruma, "Ah, bibi. Nakumbuka. Ulifumba macho."

"Sikufumba," bibi akasema. "Niliambiwa ukifumba inaharibika. Nilikodoa mpaka machozi yakanitoka. Muulize huyu."

Mjomba akageuka kunitazama, na nikaona usoni kwake kwamba alikuwa ameelewa kila kitu kwa mara moja. Alikuwa bado na treni mdomoni, tayari kuitoa. Sikumngoja. Nilikwenda kabatini nikamtoa Marehemu, nikamfungua mgongo, nikamwonyesha bibi pale ambapo mkanda hukaa. Nilimwambia kamera hii ni mbovu, inawasha taa tu. Mkanda ulikuwa umeisha na niliona aibu kumwambia. Hakuna picha, wala haijawahi kuwepo.

Bibi aliishika kamera, akachungulia ndani, akaingiza kidole, akakitoa, akakitazama kidole.

"Kuku niliyekupa," akasema, "alikuwa mzima."

Nikamwambia ndiyo, bibi.

"Na yule tuliyemla wewe na mimi. Naye alikuwa mzima."

Nikamwambia ndiyo. Nililia hapo, si sana, lakini kiasi cha kutafuta khanga. Bibi hakunibembeleza. Aliweka kapu chini, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema ana njaa.

Mjomba alijitolea kumpiga picha hapohapo, na Mrusi, bure kabisa, bure ya kweli. Akamvutia pazia jekundu amwonyeshe ndege. Bibi aliitazama ndege ile na bomba lake la moshi kwa muda mrefu, akakataa. Alisema akirudi na picha ya ndege watasema ametoroka. Anataka apigwe kwake, kwenye ukuta wake, kwenye kiti chake. Hakusema kwamba anataka mke mwenzake aone anavyopigwa, lakini hata mjomba alilielewa hilo.

Lori la kurudi lilikuwa baada ya siku tatu. Siku zote tatu bibi alikaa kwetu, na kila asubuhi alikwenda bombani na ndoo akawasimulia kina mama wa Kashaulili habari ya kamera isiyo na kitu ndani. Hakuikuza wala hakuipunguza. Kufikia siku ya pili kulikuwa na watu wanapita dirishani wanachungulia, na bwana mmoja mwenye cheo, ambaye Marehemu alimpiga kwenye sherehe zisizopungua tano, aliingia akauliza kwa upole kama mwaka ule treni ilileta kweli hayo matatizo yote. Mjomba alijilaza kwenye mkeka akasema mgongo umeanza tena.

Safari ya pili nilifunga mkoba bibi akiwa amekaa pembeni ananisimamia. Nikaweka Mrusi na mikanda miwili. Nikaweka Kadogo na zile picha zake kumi na mbili. Bibi akasema anataka kuuona mkanda kwa macho yake. Nilimweleza kwamba ukifungua mwanga unaingia na mkanda unaharibika. Alinitazama kama mtu anavyomtazama aliyemlia kuku wake, nikafungua. Picha kumi na mbili za Kadogo zikaungua hapohapo, pamoja na nyingine zilizokuwa zimeshapigwa za ubatizo wa mtoto wa jirani. Bibi akaridhika. Nikaweka mkanda mwingine, huu alinikubalia niufunge, na mjomba akamwambia jirani kwamba mkanda umeungua, ikawa ni kweli kwa mara ya kwanza.

Kasansa tulifika jioni, tukalala. Asubuhi bibi akaoga, akavaa blauzi ileile, akatoa kiti, akakaa. Nilikuwa nimeshamshika Mrusi napima mwanga, mlango wa nyumba ya pili ukafunguka. Bibi mdogo alikuwa naye amevaa, kitenge cha sikukuu, kitambaa kipya kichwani, mafuta yanang'aa usoni. Akatembea moja kwa moja mpaka nyuma ya kiti akasimama.

Bibi mkubwa hakugeuka. Alimwambia jogoo kwamba kuna watu wameshapata picha zao. Bibi mdogo akamwambia tetea kwamba ile askofu amefumba macho, si picha. Bibi mkubwa akamwambia jogoo kwamba hiki kiti ni cha mtu mmoja. Bibi mdogo akamwambia tetea kwamba kuna watu walikwenda Mpanda wakala wali siku tatu, na mbuzi nani alikuwa anawafungulia. Nilishusha kamera. Niliuliza kama nipige wote wawili au mmoja mmoja. Hakuna aliyenijibu, na kuku nao walikuwa wameshaondoka.

Nikapiga moja. Wote wawili walikuwa wamenuna kama mahabusu. Nikamwomba bibi mdogo asogee pembeni, nipige moja ya mwenye kiti. Alisogea hatua moja, na nilipoinamia lenzi alikuwa amerudi. Nikapiga hiyo. Nikasogeza mkanda kwa ya tatu, na hapo bibi mkubwa akageuza shingo taratibu, akamtazama mke mwenzake usoni.

"Basi simama vizuri," akamwambia. "Unanizibia jua."

Bibi mdogo alisimama vizuri. Halafu akaweka tu mkono kwenye bega la mwenzake, kama anavyofanya mtu anayeogopa kuanguka. Nikafyatua. Katekista, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai, alikiacha mkononi mpaka kikapoa. Mchana ule walikula pamoja na walikuwa wanagombana, lakini waligombana wenyewe kwa wenyewe, kwa sauti, na jogoo akaachwa apumzike.

Kwa siku chache nilidhani ningezikata zile picha. Pale Tabora walikuwa wanaweza kukutolea upande mmoja tu ukiandika kwenye bahasha, na ningemtimizia bibi haja yake ya kuwa peke yake kwenye kiti chake. Niliandika, nikafuta, nikazituma hivyohivyo. Zilipotoka nikatengenezesha nakala mbili za ile ya tatu, nikazipeleka zote kwa katekista.

Mwaka uliofuata katekista alikuja Mpanda kununua mabati, akapitia studio. Nilimuuliza picha zilipokelewaje. Alisema bibi mdogo ametundika yake ukutani pa kuingilia, mgeni haoni kitu kingine. Ya bibi mkubwa iko kwenye fremu juu ya kitanda. Hakuikata. Aliikunja kwa nyuma, kwa uangalifu, ili aonekane yeye tu, amekaa, amekodoa macho. Ila begani kwake, alisema katekista, kuna vidole vinne vya mtu, maana hivyo havikuwa na mahali pa kukunjiwa.